Kutu ya Mzee Walter

Nakumbuka vizuri Jumapili moja, mwanangu, nilipokaa sakafuni katika nyumba ya watu, siki upande huu, jivu upande ule, nikisugua bunduki isiyokuwa yangu na huku najisifu. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na hakuna aliyenituma.

Ilikuwa hapa hapa Birmingham, mtaa wa Lozells, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilitoka Tanga nikapata kazi ya kuosha mabasi gereji. Kazi ilipatikana upesi. Chumba ndicho kilichonitoa jasho. Nikigonga mlango naambiwa kimeshachukuliwa, nikipita kesho yake tangazo bado liko dirishani. Aliyenipokea alikuwa Mzee Walter, Mzungu aliyefiwa na mkewe, mstaafu wa kiwanda cha shaba. Aliniambia nimwite Walter tu, lakini ulimi wangu ulikataa. Mtu wa rika la baba yangu nimwite kama ninayecheza naye bao?

Mzee huyu alikuwa na ugonjwa mmoja, nao ni magumegume. Nyinyi hamlijui gumegume. Ni bunduki ya kizamani, ile inayowasha baruti kwa cheche za jiwe. Babu yangu alikuwa nalo moja la kufukuzia nguruwe shambani, na siku alipopata bunduki ya kisasa, lile likawa gongo la kuegemezea mlango wa banda. Sasa hapa namkuta mtu sweta lina viraka viwikoni, majani ya chai anayarudia mara mbili, lakini anaagiza magumegume mapya. Aliyatengenezesha kwa mkono kwa wazee wachache waliobaki mtaa wa mafundi bunduki, na moja lilichukua mwaka na zaidi. Chuma kimetiwa nakshi za mbwa na ndege, kitako cha mbao kimechongwa majani mpaka unaogopa kukishika. Na hakupiga hata moja. Aliyatundika chumba cha mbele, akayatazama, akanywa chai yake. Nilipomuuliza ya nini, alisema mikono ya mafundi ikikosa kazi husahau. Nikaitikia kwa kichwa, na sikuelewa kitu.

Chumba hicho cha mbele ndicho alichoniruhusu kusalia, na nikiwa ndani alikuwa akibisha hodi kwenye mlango wake mwenyewe.

Wakati ule mke wangu Mwanaidi alikuwa bado Tanga. Ili aje, wakubwa wa uhamiaji walitaka barua ya mwenye nyumba, kuonesha kwamba atapata pa kulala. Mzee Walter aliniahidi chumba kikubwa cha juu na barua pia, akasema ataiandika akirudi kwa dada yake, anakokwenda wiki moja. Bila barua ile sina mke. Siku ya kuondoka alileta gumegume jipya ndani ya blanketi, akaliweka mezani, akasema, "Niangalizie hili."

Nikaliangalia. Mtutu mzima ulikuwa na kutu, kahawia kutoka mwanzo hadi mwisho. Masikini, nikasema, wamemtapeli. Na kwetu tumefundwa kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilikuwa mgeni wa miezi minane na jembe sijapewa, basi nikalichukua mwenyewe. Siki, jivu, waya wa kusugulia masufuria. Kufika alasiri mtutu uling'aa kama kijiko cha harusi. Mikono inauma, moyo umejaa, na akilini barua nimeshaipata.

Mzee alirudi Jumatano. Alisimama mlangoni na begi mkononi, akatazama mezani. Nikadhani amefurahi, nikamwambia asinishukuru, ni wajibu wangu. Akaniuliza nimetumia nini. Nikasema siki. Alikaa kitini na kofia kichwani, kisha akaenda jikoni akapika chai ya vikombe viwili, kwa majani mapya.

Chai ile ilinichanganya kuliko kipigo. Siku mbili alinisalimu vizuri, akanisogezea sukari, na habari ya barua hakuitaja. Kwetu mtu akikukasirikia unajua. Anafoka, majirani wanaingia kati, mnapatana. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, nami nikakaa nausubiri mshindo. Mara nawaza amekasirika, mara nawaza labda ndivyo Wazungu wanavyofurahi.

Jumamosi akaniambia nivae koti. Tukapanda basi, gumegume mapajani mwake ndani ya blanketi, nami nikaamini napelekwa polisi. Moyoni nilishaanza kumuaga Mwanaidi. Kumbe tulishuka mtaa wa mafundi bunduki, tukapanda ngazi hadi karakana ndogo. Ndani alikuwa mzee mfupi aitwaye Percy, vidole kahawia mpaka kwenye kucha, macho yameingia ukungu. Aliupapasa mtutu kwa dole gumba, taratibu, urefu wote. Akacheka mpaka akakohoa, kisha kicheko kikaisha na akabaki ameushika.

"Kutu iliyokuwa hapa niliipanda mwenyewe," akasema. "Wiki tano. Naupaka dawa, naacha kutu ishike, nauchemsha, naupiga brashi, naanza tena, mpaka iwe rangi inayoukinga mtutu. Ndiyo kazi yangu, na kwa macho haya huu ulikuwa wa mwisho."

Nikamtazama Mzee Walter nione kama wananitania. Hakuna aliyecheka. Mwanangu, tangu utotoni naona watu wanapigana na kutu. Nani anaiotesha makusudi? Niliona aibu, na katikati ya aibu bado sielewi. Nikasema nilidhani nasaidia.

"Ungeuliza," akasema Percy. "Neno moja tu. Hii ni nini."

Wakakata shauri kwamba aliyeitoa ndiye atakayeirudisha. Jumamosi sita nilikwenda, nikapaka, nikachemsha, nikapiga brashi, Percy akikagua kwa dole gumba. Kutu ikashika, lakini haikushika sawa. Karibu na mdomo wa mtutu pakabaki baka dogo lililokataa kabisa, na mbwa mmoja wa nakshi, pale nilipokaza waya, jicho lake halikurudi. Percy akasema basi, inatosha. Mzee Walter akalitundika hivyo hivyo chumba cha mbele, na kila nikikunja msala namwona yule mbwa.

Barua sikumkumbusha; ningeanzia wapi? Aliniwekea mwenyewe asubuhi moja, imekunjwa kando ya sahani. Alieleza kwamba chumba kipo, kikubwa, na mke atakaribishwa. Chini akaongeza mstari: "Mpangaji huyu anatunza vitu vyangu kuliko ninavyovitunza mimi."

Niliusoma mpaka nikauhifadhi. Alikuwa ananichokoza? Alikuwa ananisamehe? Au alimaanisha hivyo hivyo? Mwanaidi alikuja kwa barua ile, watoto wetu walizaliwa tukiwa chumba kile cha juu, na Mzee Walter tukamzika baada ya miaka mingi ya kunywa chai pamoja. Sikumuuliza. Neno moja tu nilifundishwa, na nilipolihitaji zaidi sikulitamka. Hilo linaniuma kuliko jicho la mbwa.

Basi sikia. Ukiingia nyumba ya watu ukaona kutu, uliza kabla ya kuchukua siki, kwani kutu yako ni kazi ya mwenzio. Kuuliza si ujinga. Na mtu akikutendea wema usiouelewa, muulize angali hai, hata ukiona haya, hata kwa hicho Kiingereza chenu mnachonijibia. Majuto ni mjukuu, na wangu huyu nimempakata nusu ya umri wangu.

Mungu akupe mikono myepesi ya kusaidia, mwanangu, na kabla ya mikono akupe ulimi wa kuuliza. Amina.