Neno Lililomwishia Shangazi

Kabla ya kugusa mashine yake, Shangazi alimuuliza kila mteja swali lile lile: “Uliona, au uliambiwa?” Aliuliza hivyo kwa miaka ishirini na sita, mezani pake kwenye baraza inayotazamana na mahakama, alikopiga chapa hati za kiapo za watu kwa Kiingereza. Hata nyumbani hakuacha. Ukisema mvua inakuja, atakuuliza.

Shule hakuenda nayo mbali. Kiingereza alikiokota kwenye rasimu za mawakili, neno moja moja, na yale maneno ya kupima uhakika aliyapanga kichwani kama mawe ya mizani. ‘Perhaps’ lilikuwa jepesi, yeyote angeweza kulibeba. ‘I believe’ lilitaka sababu. ‘Clearly’ lilitaka macho na mwanga wa mchana. ‘Certain’, lile la hakika kabisa, hakumpa mtu hivi hivi.

Binti wa mdogo wake, aliyelelewa naye tangu mama yake afariki, alikuwa mshonaji mtaa wa pili, na mchana alimletea chakula. Ndiye aliyemsikia fundi baiskeli akibembeleza:

“Niandikie ‘clearly’, mama. Jirani kaniibia baiskeli.”

“Ulimwona?”

“Kama si yeye ni nani? Sura yenyewe ya wizi ile!”

“Basi nakuandikia ‘I suspect’.”

“Hilo jembamba hilo! Hakimu akikohoa tu, linapeperuka.”

“Lipeperuke. Likiwa zito litamfunga mtu.”

“Bi Hakika, wewe ni mpiga chapa au askari?” Foleni nzima ikaangua kicheko, na jina likamganda.

Kisha, Jumanne moja asubuhi, ghala la rangi likaungua. Mdogo wake Shangazi, baba wa yule binti, alikuwa mpakiaji pale. Miili minne ilitolewa. Mitatu ilitambuliwa na ndugu zao. Wa nne haukuwa na uso, wala chochote cha kushika ukasema huyu ni fulani. Msimamizi alisema baba alikuwa zamuni, ila labda alikuwa ametoka kidogo, hakumbuki vizuri. Na baba huyo alikuwa mtu aliyewahi kuondoka nyumbani bila kuaga, akarudi baada ya miaka mitatu na mkate mkononi, utadhani alitumwa dukani.

Siku ya tisa karani wa chumba cha maiti aliwasukumia Shangazi na binti fomu. Ilianza kwa ‘I am certain’, mbele yake nafasi ya jina la marehemu. Shangazi alilikata neno kwa kalamu, akaandika juu yake ‘I believe’. Karani akairudisha.

“Haipokelewi hii, mama. Ama ni wenu, ama si wenu.”

“Na kipimo cha vinasaba?”

“Miezi minne. Majokofu yamejaa. Kesho manispaa inazika wasio na majina, shimo moja.”

Wakatoka, wakakaa kwenye benchi la ukumbini.

“Saini, Shangazi.”

“Nimetazama, mwanangu. Sikuona kitu cha kujua.”

“Simu yake imezimwa siku tisa! Unataka nikamlilie wapi, shimoni kwa manispaa?”

“Na tukimzika mtoto wa mwenzetu? Huenda yupo mama mahali anazunguka hospitali zote.”

“Mizani yako hiyo imewapimia watu wote. Leo inamla baba yangu!”

Watu waligeuka. Shangazi aliupapasa mkoba wake mapajani kwa muda mrefu, akainuka, akaomba fomu nyingine isiyokatwa. Alisaini polepole, kila herufi peke yake.

Wakazika. Binti akapata kaburi lenye jina, na kila Jumapili alikwenda kung’oa magugu. Shangazi hakwenda hata mara moja. Hakuna mama aliyejitokeza kudai, na simu ya baba haikuita tena. Barazani kazi iliendelea, lakini mteja aliyetaka ‘certain’ alionyeshwa meza ya jirani. “Neno hilo limeniishia,” alisema, na watu wakadhani anatania. Nyumbani alikataa kitasa cha mlango kibadilishwe, ingawa kilikuwa kimelegea mpaka kikafungwa kwa waya, kwa kuwa ufunguo mmoja, wa mdogo wake, ulikuwa bado nje. Binti hakumuuliza. Alijua nani alimsukuma kwenye ile kalamu.

Miaka mitano baadaye figo zilimlaza Shangazi. Alasiri moja wodini binti alikuwa akimchana nywele, zilizobaki chache, wakizungumzia miwani iliyopotea na nesi mwenye viatu vya kelele. Shangazi akamshika kiwiko kwa nguvu ambayo binti hakujua bado anayo.

“Akirudi,” alisema, “wewe usijieleze. Mwambie aliyesaini ni mimi.”