Msichana Asiyekuwemo Vitabuni

Vile vitabu saba nilivikuta nyumbani kwetu Mwankoko, chini ya magunia matupu katika chumba cha marehemu baba, nikapiga kelele kama mtoto. Nilidhani panya walishavimaliza. Ni hadithi za mauaji katika Ulaya ya kale, enzi za ngome na nyumba za watawa, na mpelelezi wake ni mama mmoja mfua nguo anayewagundua wauaji kwa madoa ya nguo zao. Baba alivinunua kwenye rundo la mitumba alipokuwa akifanya kazi reli, Manyoni. Kila msimu wa alizeti alitusomea uani: macho kwenye Kiingereza, mdomo unatoa Kinyaturu, sisi tunapura vichwa vya alizeti kwa fimbo. Maiti ikipatikana, fimbo zote zilisimama.

Mwaka huu niliamua kumsomea shangazi, dada mkubwa wa baba. Macho yanamsumbua, lakini kupura hajaacha. Alifurahi hadi akajifunga kanga upya. Saa tisa mchana, jua bado kali, nikafungua kitabu cha kwanza na kusoma kwa madaha. Nilipofika pale mfua nguo anapoketi jikoni kwa watawa, shangazi alisimamisha fimbo.

"Umemruka yule mtoto wa maji."

Nikamkumbuka papo hapo, na mwili ukanisisimka. Baba aliposoma, katika kila kitabu mlango ulifunguka, akaingia msichana mdogo na kibuyu cha maji, mikono inachuruzika. Hasemi kitu. Anatua kibuyu, anatoka. Hakuwahi kuuawa wala kushukiwa. Nikaurudia ukurasa mara mbili. Hayumo.

Siku tatu nilivipekua vitabu vyote, mstari kwa mstari. Watawa wamo, wanyongaji wamo, hata mbwa wa mlinzi yumo. Msichana hayumo. Sasa, mtu mwenye busara angenyamaza. Mimi ualimu umeniharibu: nikiona kosa situlii mpaka nilisahihishe. Nilirudi uani, nikamwamkia shangazi, nikamwambia.

"Hata kimoja?"

"Hata kimoja, shangazi. Baba alimtunga tu."

Alichambua mbegu ambazo hazikuwa na uchafu. Kisha akanieleza jambo ambalo nyumbani kwetu halijawahi kutajwa. Yeye na baba walikuwa na mdogo wao wa kike. Kiangazi kimoja zamu ya maji ilikuwa ya shangazi; akaona uvivu, akamtuma yule mdogo kwenye shimo la maji lililochimbwa katika mchanga wa mto. Kuta za shimo ziliporomoka. Watu walichimba mpaka jua likazama, mchanga ukizidi kumiminika, wakapata kibuyu tu.

"Baba yako alipoanza kusoma, nilijua ni yeye," alisema. "Nikasema, kumbe mtoto alifika mahali. Mpaka wazungu wamemwona, wakamwandika. Angeniambia kamtunga, nisingemwamini. Lakini kilikuwa kitabu, mwanangu."

Niliona haya hadi masikio yakawaka moto. Miaka yote ile alikuwa amepata pa kuupumzisha moyo, nami nimekuja kumpokonya. Nikakichukua kitabu haraka, nikaanza upya, na nilipofika jikoni kwa watawa nikapandisha sauti: mlango ukafunguka, akaingia msichana mdogo...

"Acha," alisema shangazi, bila hasira. "Usimlete wewe. Wewe hukumjua. Soma kilichoandikwa."

Nikasoma kilichoandikwa. Mlango wa jikoni ukafunguka, akaingia mtawa mwenye damu kwenye joho. Shangazi hakuwa akinisikiliza. Alikuwa amegeukia lango letu, mikono imetulia, anasubiri. Nami nikajikuta nimenyamaza, natazama huko huko.