Kuku Aliyezunguka Msitu

Nichekeni tu, mimi mwenyewe nimejicheka wiki nzima. Karen, msimamizi wangu katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi hapa Anoka, ughaibuni, aliniambia Jumamosi tufuate njia ya msituni kando ya mto. Miti imepakwa alama za buluu, akasema, hatuwezi kupotea.

Sasa, kwetu Kakamega sijawahi kuona njia isiyofika kwa mtu, na kwa mtu huendi mikono mitupu. Nilipika kuku mzima, nikamfunika ndani ya sufuria, nikavaa viatu vya kisigino vya kanisani, na kwenye mashine ya simu nikamwachia mume wangu ujumbe kwamba leo bosi ananipeleka kwao.

Tukaegesha gari langu, tukaingia msituni. Karen aliitazama sufuria yangu, akatabasamu, akatangulia. Nikaona huyu ana adabu.

Tulitembea masaa matatu. Kila alama ya buluu ilipotokea nilijifuta jasho na kunyoosha sketi, nikijua tumekaribia. Kwenye matope niliibeba sufuria kichwani, huku nikikariri maneno ya kumwamkia mama yake.

Hatimaye miti ikaisha, nikaona gari. Moyo ukatulia.

"Wazazi wako wana gari kama langu," nikamwambia. "Hata taa ya nyuma imevunjika upande ule ule."

Karen akasimama. Akalitazama gari, akavitazama viatu vyangu, kisha sufuria.

"Rose," akasema polepole, "hilo ni lako. Njia hii inazunguka tu. Kwani hicho chakula ulikuwa unampelekea nani?"