Folda ya Ukungu

Flash yangu ilikuwa ya bluu, fupi kuliko kidole changu cha mwisho, na ndani yake kulikuwa na nyimbo elfu moja na mia nne. Nikiwaambia watu walicheka. Wengi tulikuwa tumezoea kanda, kumi au kumi na tano, zimejaa vumbi kwenye droo ya gari, na CD ambazo ziliruka kila tairi lilipoingia shimoni. Halafu zikaja redio zenye tundu la flash, na gari la kampuni nililokuwa naendesha likafungiwa moja. Siku ile sikulala vizuri kwa furaha. Nilikuwa dereva mpya wa watalii, darasa la saba na miezi michache ya kozi ya uongozaji, na ghafla nilikuwa na nyimbo nyingi kuliko dereva yeyote kati ya Karatu na Serengeti. Angalau mimi niliamini hivyo.

Sikuzipanga kwa majina ya waimbaji. Nilizipanga kwa barabara. Kulikuwa na folda ya kutoka mjini asubuhi watu wakifungua maduka. Kulikuwa na folda ya vumbi la Mang'ola, nyimbo zenye ngoma nzito, kwa sababu huko unapishana na malori ya vitunguu na unahitaji moyo. Kulikuwa na ya kurudi bila wageni, ambayo sitaki kusema ilikuwa na nini. Na kulikuwa na folda ya ukungu, kwa zile kona baada ya geti la hifadhi, pale ambapo msitu unakuja mpaka kwenye kioo na huoni mbele zaidi ya boneti. Humo niliweka nyimbo za polepole. Wageni walinyamaza wenyewe. Mimi nilijiona kama napaa, gari halina tairi, na muziki ndio unaoshika usukani.

Wimbo wa mama ulikuwa kwenye folda ya ukungu.

Mama alifariki nikiwa sijaanza shule. Alikuwa anaimba kwaya kwetu Buger, na kuna kanda moja, moja tu, ambayo anaimba peke yake beti mbili kabla wenzake hawajaitikia. Baba aliitunza kanda ile kwenye kopo la kahawa. Ilipoanza kuliwa na redio, niliipeleka kwa kijana wa duka la kompyuta Karatu, akaunganisha waya kutoka redio mpaka kwenye kompyuta, akaiacha ijirekodi yenyewe mpaka ikaisha, mimi nikiwa nimekwenda kuosha gari. Akaipa jina la Kwaya 01, kama alivyoziita kwaya zote.

Basi baba akafurahi kupita kiasi. Nilipomrudishia kanda, akauvuta utepe wote nje, akaufunga kwenye miti kuzunguka shamba la ngano ili ung'ae na kuvuma, ndege waogope. Nikamwuliza, "Baba, kanda ya mama?"

"Si umesema yuko kwenye gari?"

"Yuko."

"Basi. Huku afukuze ndege."

Kila siku ya mnada alikuja Karatu. Akimaliza shughuli zake alinifuata pale nilipokuwa naosha gari, anaingia kiti cha mbele, anapandisha kioo, ananionyesha redio kwa kidevu. Nampigia wimbo wa mama. Anausikiliza mara mbili. Halafu anasema "Haya," anashuka, anatafuta usafiri wa kwenda nyumbani. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mimi nilijifunza kuhesabu mwezi kwa ile "Haya" yake.

Kosa nililifanya mchana kweupe, nimekunywa chai, sina haraka. Nilikuwa dukani kwenye kompyuta, napanga upya maktaba yangu, najiona profesa. Nilipata kwaya nyingine nzuri ya polepole, nikasema hii nayo iende kwenye ukungu. Nikaivuta. Kompyuta ikaniuliza kitu kwa Kiingereza, maneno mengi. Kiingereza changu mimi kilikuwa cha wanyama. Ningeweza kukueleza mimba ya tembo inachukua muda gani na kwa nini viboko wanagombana, lakini kompyuta nilikuwa naijibu ndiyo kwa kila kitu ili iniache niendelee. Nikajibu ndiyo. Ile Kwaya 01 mpya ikaingia, ya mama ikatoka. Haikupiga hata kelele.

Niligundua siku mbili baadaye, kwenye zile kona, sauti ya mwanamke nisiyemjua ilipoanza kuimba mahali pa mama. Nikakanyaga breki bila kupenda. Wageni wakauliza kama nimeona chui.

Nilirudi mbio kwa yule kijana wa duka. Akashika kichwa. "Kaka, hii kompyuta ilijaa virusi mwezi uliopita, tuliifuta yote. Kanda yenyewe iko wapi?"

"Inafukuza ndege," nikamwambia. Akadhani namtania.

Siku ya mnada ikafika, baba akaja na kofia yake. Akaingia, akapandisha kioo, akanionyesha redio kwa kidevu.

"Baba, wimbo umepotea."

"Umepotea wapi? Si umo humu humu?" Akainama. "Angalia chini ya kiti."

"Haukai chini ya kiti, baba. Nimeufuta. Kwa bahati mbaya."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alibaki amekaa, mikono magotini, redio imezimwa, akitazama mbele kwenye kioo chenye mapovu ya sabuni. Alikaa muda ule ule ambao wimbo ungechukua, kisha muda ule tena. Halafu akashuka. Siku ile hakusema "Haya."

Kilichonipa matumaini ni desturi yetu ya getini. Wakati wa kusubiri vibali, madereva tulikuwa tunabadilishana flash. Unachomoa yako, unampa mwenzako, unapanda na ya kwake, mnarudishiana siku mkikutana tena, inaweza kuwa wiki, inaweza kuwa mwezi. Hakuna aliyeandika popote, na hakuna flash iliyopotea. Yangu ilikuwa imekwenda kwenye magari mengi. Nikawaza, labda kuna mtu alinakili.

Nikaanza kuuliza. Kila nilipofika getini nilizunguka dirisha kwa dirisha nikiwaimbia madereva ule mwanzo, na mimi sauti yangu ni ya bati. Walinicheka, wakaniita mwinjilisti, mmoja akanipa sadaka ya andazi. Siku ya sita au ya saba mmoja akaacha kucheka. "Hebu rudia. Huo si wanaupiga kule Olbalbal, kwa Wamaasai? Kuna jamaa wa boza, lile lori la tangi la maji, Mchaga mmoja mnene, ana spika juu ya kichwa cha gari. Anapiga huo huo kila siku, mpaka unachosha."

Nilimkuta yule dereva wa boza Karatu, anakula ndizi na nyama. Nikamweleza haraka haraka.

"Ndiyo, ninao," akasema. "Flash yako ilikaa kwangu wiki nzima, nikachukua nyimbo zote. Una nyimbo nzuri, Mmbulu wewe, ila umezipanga kama kichaa."

"Naomba flash yako nikanakili. Nusu saa tu."

"Sasa hivi? Haiwezekani. Nimeiacha kwenye gari kule getini, na kesho alfajiri nashusha maji. Kule wananijua kwa ule wimbo. Nikishuka bila huo watasema ni gari la watalii, hawatoki. Nikirudi Jumamosi utanakili mpaka uchoke." Akafuta mdomo. Akanitazama vizuri, nadhani macho yangu yalikuwa yameanza kulowa. "Mzee wako ana umri gani?"

"Mkubwa."

"Basi mlete. Kiti kipo. Jumamosi ni mbali."

Usiku ule nikamfuata baba Buger, na alfajiri tukapanda boza pale getini, baba katikati, amevaa koti la kanisani. Sikumwambia baba tunakwenda kusikia nini. Niliogopa kuahidi tena. Nilisema tunakwenda kumtembelea rafiki mwenye maji. Kwenye zile kona ukungu ulitufunika, boza likalia taratibu, na baba, ambaye ameishi miaka yote akiitazama milima ile kutoka shambani, alisogeza uso kwenye kioo akasema, "Kumbe ndani ya mawingu kuna baridi tu." Dereva akacheka mpaka akakohoa. Tukapita ukingo wa kreta, tukateremka upande wa pili, ukungu ukaisha ghafla kama mtu amevuta shuka, na chini yetu Olbalbal ikalala, kavu, ya rangi ya ngozi ya simba, hakuna mti, vumbi la ng'ombe likisimama mbali kama moshi usio na moto.

Boza likasimama kwenye birika la saruji. Dereva akabonyeza redio, akashuka kufungua bomba.

Mama akaanza kuimba.

Sijui niseme vipi. Kwenye gari langu sauti yake ilikuwa ndogo, ya ndani, yenye vioo vimefungwa. Huku ilitoka juu ya vichwa vyetu ikaenda kwenye uwanda wote, haikupata cha kugonga, ikaendelea kwenda. Na watu wakaja. Wanawake na punda wenye madumu, wazee na fimbo zao, ng'ombe wakiongeza mwendo kabla hata ya kusikia harufu ya maji. Niliwaona kama wanatoka kwenye wimbo wenyewe, mmoja mmoja.

Baba alikuwa ameshuka. Alisimama na kofia mkononi.

Mama mmoja wa Kimaasai, mwenye shanga nyingi masikioni, alimsalimia kisha akamwuliza kwa Kiswahili cha taratibu, "Mmekuja pamoja na huyu anayeimba? Kila siku sauti, mwenyewe hatumwoni."

"Yuko Buger," baba akajibu.

Ni kweli. Yuko Buger, nyuma ya nyumba yetu.

Wimbo ukafika mwisho. Mimi kwenye gari langu siku zote hapo nilikuwa naruka kwenda wimbo unaofuata, kwa sababu ulibaki mchakacho tu, na nyumbani zamani baba ndiye aliyekuwa anazima mwenyewe. Lakini dereva alikuwa ameshika bomba kwa mikono yote miwili, hakuna wa kuruka. Mchakacho ukaendelea. Halafu kwenye spika, juu ya punda na madumu, mama akazungumza. Haimbi, anazungumza, kwa lugha ya kwetu, akiwa na kicheko kooni, na anayezungumza naye yuko karibu sana na redio inayorekodi.

"Zima sasa. Betri zinakwisha."

Sikuwahi kujua kwamba baba ndiye aliyemrekodi. Nilimgeukia.

"Nazima," akasema taratibu, kwa lugha ile ile. "Nazima."

Dereva akainua kichwa kutoka kwenye bomba. "Mzee, unasemaje?"

Baba akavaa kofia yake.

"Nasema maji yanamwagika."