Vibuyu Viwili Vilivyofanana

Wiki jana mtoto wangu wa mwisho aliniletea swali la sayansi: katika jaribio hili, ni kipi kinabadilishwa, kipi kinapimwa, na vipi vinaachwa vilevile? Nilimjibu upesi, kisha nikatoka nje nikasimama peke yangu kando ya shamba la chai. Rafiki yangu, kuna masomo ambayo mtu huyaelewa kupita kiasi.

Ilikuwa miaka ya tisini, huku kwetu Boito, nikiwa kidato cha kwanza. Mwalimu wa sayansi alikuwa na msemo wake: "Badilisha kimoja, pima kimoja, vingine vyote vifungwe kamba." Likizo ya Agosti alitutuma tufanye jaribio nyumbani. Nikachagua mursik, maziwa yetu ya kugandishwa kibuyuni. Nyanya, kogo kama tulivyomwita, alihifadhi maziwa katika kibuyu alichopewa na mama yake alipoolewa, ndani amekipaka mkaa wa mti wa senetwet. Nilitaka kujua kama mkaa wa mti wa muwati ungegandisha maziwa upesi zaidi. Mkaa ndio ningebadilisha. Muda wa kuganda ndio ningepima. Maziwa yawe ya ng'ombe mmoja, ya jioni moja, vibuyu vikae kona moja ya jiko.

Lakini kibuyu cha pili kilikuwa kipya, na kile cha nyanya kizee, cheusi, kinachonuka moshi na siagi. Havikuwa sawa. Basi nyanya alipokwenda kuchuma chai, nilichemsha maji, nikatia sabuni ya unga, nikavisugua vyote viwili hadi vikatakata. Maji ya kwanza ya kile kizee yalitoka meusi tii. Niliyamwaga kwenye migomba nikipiga mluzi.

Aliporudi alishusha kikapu, akanusa mdomo wa kibuyu.

"Nani ameosha hiki?"

"Ni mimi, kogo. Lazima vifanane."

"Vifanane na nini?"

Jirani aliyekuja kuomba moto alicheka. "Mama, ficha ng'ombe. Huyu profesa atamwosha naye."

Nyanya hakucheka wala hakunigombeza. Alikaa tu, kidole ndani ya kibuyu, kama anayetafuta kitu.

Jaribio lilifaulu. Senetwet ilishinda, na mwalimu akanisifu mbele ya darasa kwa uangalifu wangu. Nyumbani nyanya alichoma mkaa, akapaka, akamimina maziwa, akapaka tena. Ladha ile haikurudi. Wageni waliozoea kuomba kikombe cha pili wakawa wanashukuru kwa cha kwanza.

Msimu wa baridi uliofuata aliugua. Alikataa uji, akaomba maziwa. Nilimimina kutoka kibuyu chake mwenyewe, nikamshikia kikombe. Alionja kidogo, akakisukuma kwa upole.

"Warudishie wenyewe," alisema. "Waambie asante. Mimi nangoja ya kwetu."

Alituacha kabla ya juma lile kuisha.

Siku hizi mursik huuzwa sokoni Mogogosiek kwa chupa za plastiki, na jiko lile lilibomolewa zamani. Lakini asubuhi za ukungu bado najikuta nimesimama uani, kikombe mkononi, nisijue nikipeleke nyumba gani.