Saa za Kusubiri Isaka

Ndugu zake Donatus walikwenda Rwamgasa kutafuta dhahabu. Yeye akaenda relini kutafuta mshahara. Kwao Masumbwe walimcheka. Lakini mmoja wa ndugu hao alipofukiwa ndani ya duara, shimo la wachimbaji, wenzake waligawana kwanza mawe yenye dhahabu, ndipo wakaanza kumfukua. Tangu siku hiyo Donatus akawa mtu wa kuchunguza kabla ya kusalimia. Aliendesha treni za mizigo miaka mingi bila ajali, na bila rafiki pia. Coletha, mkewe, alizoea kumwambia, "Baba Goodness, wewe hata padri akikupa mkono wa amani utamkagua vidole."

Alipoajiriwa na kampuni binafsi iliyokuwa imeanza kupitisha treni zake kati ya Isaka na Mwanza, mkataba aliusoma mpaka Coletha akachoka kumshikia taa. Ulisema dereva asikae kazini zaidi ya saa kumi na mbili. Zikitimia, asimamishe treni stesheni inayofuata abadilishwe. Na malipo yalikwenda kwa saa.

Msimamizi wao, Eustace, alikuwa na tafsiri yake. Pale Isaka treni ilikaa muda mrefu ikishushwa chokaa ya migodini kwenda kwenye malori ya Geita, na dereva na msaidizi wake hawakuruhusiwa kukiacha kichwa cha treni. Eustace alisema huo ni muda wa mapumziko.

"Mmekaa tu," alisema. "Tangu lini kukaa kukawa kazi?"

Donatus hakubishana. Saa zake zilipotimia kwa hesabu ya mkataba, kusubiri kukiwemo, alisimamisha treni akashuka. Akaitwa ofisini Shinyanga. Huko hakutishwa na ukali, bali na jinsi Eustace alivyojua mambo. Alijua Donatus alisema nini njiani, hata mzaha wake kuhusu suti za msimamizi zinazombana mabega. Na kichwani mwa treni walikuwa wawili tu: yeye na msaidizi wake mpya, Sikujua, mama wa makamo aliyetokea Mwakitolyo, asiyependa maneno mengi.

"Una msaidizi mzuri," Eustace alimwambia akimsindikiza mlangoni. "Hakosi kitu."

Basi ikawa hivyo. Sikujua akimwamkia shikamoo, Donatus aliitika marahaba huku akitazama nje. Akipokea simu, aliacha kutafuna ili asikie. Chai aliyommiminia aliimwaga dirishani Sikujua alipogeuza mgongo. Hata usingizi aliuogopa mbele yake, akiamini akisinzia habari itafika ofisini kabla ya treni.

Siku moja walifika kazini usiku, wakasubiri Isaka mpaka jua likapanda. Sikujua alimwomba ajinyooshe kidogo, yeye atabaki macho. Donatus akakataa. Waliondoka mchana, joto limejaa mle ndani kama tanuri la matofali, mabehewa ya saruji yakivutwa nyuma yao.

Kabla ya kufika Shinyanga njia inakata mashamba ya pamba. Donatus alikumbuka kuona kona. Kilichofuata ni mlio wa breki ya dharura, kifua chake kikigonga meza ya mitambo, na mkono wa Sikujua ukiwa kwenye breki. Mbele yao, juu ya reli, kulikuwa na mkokoteni wa maji umekwama gurudumu. Mwanamke mmoja alikuwa akiwafungua ng'ombe wake. Treni ilisimama akiwa amemfungua wa pili, karibu kiasi kwamba waliona khanga yake imelowa. Aliwatazama, akaketi chini palepale relini.

Sikujua alishuka, wakasaidiana kuutoa mkokoteni. Aliporudi, Donatus alikuwa bado ameshika kifua.

"Hukuniita?" Donatus aliuliza.

"Nimekuita, mzee. Nimekutikisa hata bega."

"Basi piga simu. Wape habari yao."

"Habari gani?"

"Kwamba nimelala. Si ndiyo kazi uliyopewa?"

Sikujua alimtazama. Hakukasirika, alionekana kama mtu aliyekuwa akibeba mzigo huohuo upande wa pili. "Mzee Donatus," alisema, "Eustace aliniambia wewe ndiye unayepeleka maneno yangu. Alinitajia mpaka nilivyolalamikia bei ya uji wa mwanangu. Ndiyo maana sizungumzi humu ndani."

Wote wawili, bila kuambizana, wakainua macho. Juu ya viti kulikuwa na kiboksi cheusi, walichoambiwa kinapima mafuta. Donatus alichukua bisibisi, akafungua kifuniko. Ndani kulikuwa na kinasa sauti.

Sikujua ndiye aliyeshika redio na kumwita Eustace. Akasema yeye amesimamisha treni, saa zao zimekwisha, wataisogeza polepole mpaka Shinyanga na hapo watashuka. Eustace alifoka. Sikujua akarudia maneno yaleyale, akaweka redio chini.

"Nimekukosea, mama," Donatus alisema. "Hata chai yako nilikuwa naimwaga."

"Niliona. Mimi nami nilikuwa nakudhania. Endesha, mimi nakuangalia."

Wote wawili wakamshtaki Eustace, na kesi ikasikilizwa mbele ya chama cha wafanyakazi na wakubwa wa kampuni. Eustace aliwaleta wasaidizi wengine wawili kumtetea. Mmoja, alipoulizwa naye aliambiwa nini kuhusu dereva wake, akainamisha kichwa. Ilikubaliwa kwamba mtu asiyeruhusiwa kuondoka yuko kazini, na kwamba kusubiri kutalipwa. Kuhusu malipo ya saa zilizokwisha kupita walijibiwa kwamba suala linafanyiwa kazi, na mpaka leo linafanyiwa kazi.

Eustace hakufukuzwa. Alihamishiwa Mwanza, ofisi yenye kiyoyozi, na wapo wanaosema kapandishwa cheo. Sikujua alifanya mtihani wa udereva akafaulu, sasa ana treni yake. Wakipishana na Donatus kwenye stesheni ndogo, treni moja ikiisubiri nyingine, huwa wanashuka wote na kuzungumza. Lakini huzungumza wakiwa wamesimama mbali na vichwa vya treni.