Kidole Juu ya Kitufe

Mpiga chapa wa mahakama, asiyeona tangu utotoni, alikuwa akiweka mfumo huria, usiolipiwa, wa kuendeshea kompyuta yake, sauti ya mashine ikimsomea kila hatua. Mara ikakatika. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kukubali.

"Wifi, hebu nisomee kioo."

Wifi yake akaacha kufagia. "Wewe bonyeza tu, itaendelea."

"Sibonyezi nisichokijua. Soma!"

"Inauliza: Futa diski yote? Alama iko kwenye Ndiyo."

Humo mlikuwa na kazi yake ya miaka sita. Akahamisha alama, akataka isomwe tena.

"Hapana."

Ndipo akabonyeza.

"Wifi yangu," mwenzake akanong'ona, "ufagio wangu umechomoa waya wa spika."

Akaurudisha waya, akachagua sehemu tupu ya diski. Alicheka saa mbili baadaye, mfumo mpya ulipomkaribisha kwa sauti.